Nguruwe 12 wa Lubumbashi: ombi la utafiti wa moyo lililorudishwa

Ombi lilifika likiwa fupi. Mwanafunzi wa teze (tasnifu) ya tiba ya mifugo, hapa Lubumbashi, aliomba ruhusa ya kununua nguruwe 12, kuwafungua kifua, kufunga mshipa mmoja unaolisha moyo, kuuachia baada ya saa 1, kisha kuwatunza kwa wiki 4. Nguruwe 6 wangenyweshwa maji ya majani ya dawa kwa wiki 2 kabla ya upasuaji. Wengine 6 wangenyweshwa maji matupu. Wiki ya 4 ikiisha wangeuawa wote, mioyo ikatwe vipande, na kovu lipimwe: la nani kubwa, la nani dogo. Jina la mmea sitalitaja. Ni mali yake yeye na wazee waliomwonyesha, na kwa kisa hiki halibadilishi kitu.

Tuliolisoma tulikuwa wachache: daktari wa moyo, mfamasia, sisi wawili wa tiba ya mifugo, na mama mmoja wa kartiye (mtaa) aliyeombwa akae nasi kwa niaba ya wasiovaa koti jeupe. Hoja ya kuchagua nguruwe ilichukua sentensi moja: nguruwe ni mnyama mkubwa ambaye moyo wake unafanana na wa binadamu. Ni kweli. Moyo wa nguruwe wa kilo 70 unakaribia ukubwa wa moyo wa mtu mzima. Vali zake zimekuwa zikishonwa ndani ya vifua vya watu tangu 1965, na mwaka 2022 huko Maryland mgonjwa aliishi miezi 2 akiwa na moyo mzima wa nguruwe aliyebadilishwa jeni. Hata heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo daktari wetu wa moyo huwaandikia wagonjwa hutengenezwa kwa utumbo wa nguruwe. Ila ombi lilipaswa kutuambia kufanana huko kunasaidia kujua nini, na hapo palikuwa patupu. Tulipomuuliza mwenyewe, alijibu bila kuzunguka: "Prof, tukiishia ku panya, hakuna revi (jarida) yenye itapokea hii kazi." Jibu la kweli pia, na lilinisikitisha zaidi ya sentensi ya kwanza.

Panya walionyesha nini

Kazi ya awali ya mwanafunzi, ya panya, ilikuwa safi. Aliwanywesha dawa kwa wiki 2, kisha akawachoma isoprenalini kwa dozi kubwa siku mbili mfululizo. Isoprenalini huulazimisha moyo kupiga kwa nguvu na kasi kupita oksijeni inayoufikia, na chembe za msuli, hasa za upande wa ndani, huanza kufa. Rona na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 1959, na tangu hapo limekuwa tegemeo la maabara zisizo na fedha: hakuna kifua kinachofunguliwa, hakuna mashine ya kupumulia, sindano na mizani vinatosha. (Mwaka huohuo Russell na Burch walichapisha kanuni zao tatu za kutumia wanyama maabara: badilisha ukiweza, punguza idadi, punguza maumivu. Sidhani kama wawili hao na Rona waliwahi kusomana.) Panya waliokunywa dawa walikuwa na troponini (protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia) kidogo kwenye damu kuliko wenzao, na chini ya darubini msuli wao ulikuwa umeharibika kidogo.

Mfamasia ndiye aliyesimama hapo na kukataa kusogea. Isoprenalini ikiwa nyingi huoksidishwa mwilini na kuacha mabaki yenye sumu, na sehemu ya uharibifu wa moyo inatokana na mabaki hayo. Majani mengi ya dawa yamejaa viondoa-oksidi, vitu vinavyozuia kuoksidishwa huko. Basi inawezekana kabisa kwamba dawa ilizima kemia ya isoprenalini yenyewe, na kwamba mbele ya mshipa ulioziba haina la kufanya. Njia hii imekwisha kupitiwa na wengine. Kimeng'enya cha superoksidi dismutasi, nacho kiondoa-oksidi, ambacho kwa wanyama kiliwahi kuleta matumaini, kilitolewa kwa wagonjwa waliokuwa wakizibuliwa mishipa ya moyo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba mioyo yao haikupona vizuri kuliko ya wale ambao hawakukipata.

Halafu kuna suala la saa. Mtu wa Katuba, hapa mjini, anayeshikwa na maumivu ya kifua saa nane za usiku hajanywa majani kwa wiki 2 akijiandaa. Anangoja kuche, anatafutiwa usafiri, anafika hospitali mshipa ukiwa umeziba kwa masaa. Dawa inayomfaa ni ile inayofanya kazi ikitolewa akiwa tayari ameumia. ISIS-2, jaribio lililochapishwa mwaka 1988 likiwa na wagonjwa 17,187, lilionyesha kwamba streptokinasi (dawa ya kuyeyusha bonge la damu) na aspirini hupunguza vifo zikitolewa baada ya maumivu kuanza. Huko ndiko kwenye uzito. Kinga inayotolewa kabla ina historia nzuri sana kwa wanyama: mwaka 1986 Murry, Jennings na Reimer waliziba mshipa wa mbwa kwa dakika 5, mara 4, wakiupumzisha katikati, kabla ya kuuziba dakika 40, na sehemu iliyokufa ikawa kama robo tu ya ile ya mbwa ambao hawakuandaliwa. Matokeo hayo yamerudiwa kwa kila aina ya mnyama aliyejaribiwa na bado yamesimama. Lakini lile toleo lake la kitandani, la kubana na kuachia mkono wa mgonjwa kwa mkanda wa presha wakati anapelekwa kuzibuliwa, lilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 5,000, na mwaka 2019 jibu likatoka: halikupunguza vifo wala kulazwa tena kwa moyo kushindwa.

Kwa hiyo hata kabla ya kufika kwa nguruwe, ombi lilikuwa limebeba swali la panya ambalo halijaisha. Je, dawa hii hulinda moyo ambao mshipa wake umeziba kweli, ikitolewa wakati mshipa unafunguliwa? Mshipa wa panya unaweza kufungwa kwa uzi mwembamba. Ni kazi ya subira, inahitaji mashine ndogo ya kupumulia na miwani ya kukuzia, lakini hufanyika duniani kote.

Njia za pembeni

Sasa wanyama wenyewe. Hapa tulikaa muda mrefu, na sijuti.

Ukimziba kobayi (simbilisi) mshipa wa moyo, msuli wake haufi. Ana njia nyingi mno za pembeni kati ya mshipa na mshipa, damu inazunguka na kufika. Huyu ambaye familia nyingi za Kivu humfuga jikoni, kwa utafiti wa aina hii hana kazi. Mbwa yuko katikati. Njia za pembeni anazo, na zinatofautiana sana mbwa na mbwa, kiasi kwamba wawili waliofungwa mahali palepale wanaweza kutoka na majeraha yasiyolingana hata kidogo. Wanaomtumia hulazimika kupima damu inayopita pembeni kwa kila mmoja, la sivyo hawajui wanalinganisha nini. Nguruwe karibu hana. Ukiziba, eneo lote linalolishwa na mshipa ule linakosa damu, na linajulikana mipaka. Kondoo naye yuko upande wa nguruwe.

Na binadamu? Kijana ambaye mshipa wake umezibwa ghafla na bonge la damu yuko karibu na nguruwe. Mzee ambaye mishipa yake imekuwa ikisongwa kidogo kidogo kwa miaka huwa ameota njia za pembeni, na anamsogelea mbwa. Yule "binadamu" wa kwenye sentensi ya mwanafunzi hakuwa mmoja.

Njia hizi ndizo zinazoamua pia kasi ya kifo. Reimer na Jennings walionyesha mwaka 1977, kwa mbwa, kwamba kifo cha msuli huanzia ndani ya ukuta wa moyo na kusogea kuelekea nje kama wimbi: dakika 40 zinaua sehemu ya ndani, masaa 6 yanakula unene mwingi wa ukuta. Kwa nguruwe wimbi hilo linakimbia, kwa sababu hakuna kinachobaki kulishwa kwa pembeni. Mwanafunzi alikuwa ameandika saa 1 ya kufunga. Nadhani aliiandika kwa kuwa ni namba nzuri. Kwa nguruwe, saa 1 huacha kidogo cha kuokoa, na dawa inaweza kuonekana bure kwa sababu tu imefika kwenye msuli uliokwisha kufa. Ukiweka dakika chache mno, wanyama wengine hawatakuwa na jeraha la kupimika. Muda huo hutafutwa kwa wanyama wachache wa kwanza, nao hawakuwamo kwenye bajeti.

Mwenzangu alipendekeza mbuzi, kwa kuwa wanapatikana na hakuna dini inayowakataa. Lakini anayewalaza wanyama wanaocheua kwa dawa ya usingizi anajua: tumbo haliachi kutoa gesi kwa sababu mnyama amelala, mate yanamwagika, na bila kumnyima chakula mapema na kupitisha mpira tumboni, mnyama anaweza kufa kwa kujaa kabla hujagusa moyo. Mtu mwingine alitaja mbwa wa mitaani, kwamba ni wa bure. Hatukupoteza muda hapo: kichaa cha mbwa, historia isiyojulikana, na njia za pembeni ambazo hatuna chombo cha kuzipima.

Kama si kwa kuwa mkubwa tu, mnyama mkubwa anahitajika lini? Mfano ambao ulimfanya mwanafunzi aache kuandika na kuinua kichwa ni huu. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba mikroRNA fulani (vipande vidogo vinavyodhibiti kazi ya jeni), kama ile inayoitwa 199a, zinaweza kuzichochea chembe za msuli wa moyo zigawanyike tena, jambo ambalo moyo wa mkubwa karibu haulifanyi. Panya waliozibwa mishipa wakapewa tiba hiyo walipona vizuri. Mwaka 2019 kundi hilohilo likachapisha kazi yao ya nguruwe. Mwezi mmoja baada ya kupandikiziwa jeni hiyo kwa kubebwa na virusi, kovu lilikuwa limepungua na moyo unasukuma vizuri zaidi. Kisha wengi wa nguruwe waliotibiwa wakafa ghafla kwa mapigo kuvurugika: jeni iliendelea kufanya kazi bila breki, na chembe changa zikaleta vurugu katika umeme wa moyo. Panya hawakutoa onyo hilo. Moyo wa panya wa maabara, hata wa aina kubwa, una uzito wa kama gramu 1 na hupiga mara 300 na zaidi kwa dakika. Umeme wake huwaka na kuzima haraka mno, na ni mdogo kiasi kwamba vurugu za mapigo hazipati nafasi ya kuzunguka na kujilisha. Moyo wa gramu 300 unaopiga mara 80 una nafasi hiyo. Hilo ni swali la mnyama mkubwa, na nguruwe wale, kwa namna ngumu kuisema, walimwokolea mtu fulani maisha.

Swali la mwanafunzi wetu, je jeraha linapungua, halikuwa la aina hiyo. Bado.

Kwa nini waamke?

Mama wa kartiye alikuwa amenyamaza muda mrefu. Tulipofika ukurasa wa upasuaji aliuliza: "Docta, kama inaamuka usiku na iko na maumivu, njo nani atakuwa pale?" Alimwelekea mwenzangu wa mifugo, akidhani ndiye mwenye jibu. Mwenzangu alimtazama mwanafunzi, na mwanafunzi aliitazama karatasi, ambayo ilisema "wanyama watafuatiliwa baada ya upasuaji" na kuishia hapo.

Ni swali lililofungua ombi zima. Nguruwe si mnyama rahisi kulaza. Koo lake ni refu na jembamba, zoloto (kisanduku cha sauti) limepinda na hukaza likiguswa, mishipa imejificha chini ya mafuta ila ile ya sikio. Jamii kama Landrace na Piétrain huweza kubeba jeni inayofanya halotani (dawa ya usingizi ya kuvuta) na dawa za ukoo wake ziwapandishe joto hadi kufa. Na ukishaufunga mshipa wa moyo wake, nguruwe huingia kwa urahisi kwenye mpapatiko, moyo ukitetemeka badala ya kusukuma. Lazima awepo mtu aliyezoea, dawa za kutuliza mapigo zikiwa kwenye sindano, na mashine ya kushtua moyo iliyochajiwa. Ombi lilitaja mashine hiyo kama ya kuazima. Kwa mji ambao umeme hukatika ukijisikia, kifua kikiwa wazi na mashine ya kupumulia ikitegemea soketi, jenereta si nyongeza ya bajeti. Tuliuliza mafuta yake yameandikwa wapi.

Mnyama aliyefunguliwa kifua akiamka anaumia. Mbavu zimetanuliwa, na kila pumzi inavuta mshono. Anahitaji dawa za maumivu zenye nguvu kwa siku kadhaa, mtu wa kumtazama usiku, na kipimo kilichoandikwa mapema cha lini asingojwe tena bali alazwe asiamke tena. Yote hayo yanawezekana. Lakini ukiyaweka mezani, swali la mama linazaa lingine ambalo hakuna kati yetu aliyelitarajia kwa wepesi wake: kwa nini waamke kabisa?

Ukubwa wa jeraha hupimwa kwa njia ya zamani na ya bei nafuu. Rangi ya bluu huingizwa kwenye damu mshipa ukiwa umefungwa tena, ili eneo ambalo halikupata damu libaki bila bluu. Moyo hukatwa vipande, vipande huwekwa kwenye tetrazolio yenye joto la mwili. Msuli ulio hai unakuwa mwekundu, uliokufa unabaki mweupe. Kwa nguruwe, masaa 3 hivi baada ya kufungua mshipa yanatosha kusoma jibu. Mnyama analala asubuhi, hajui tena kitu, na jioni ameuawa bila kuamka. Wiki 4 zinahitajika kama unauliza juu ya kovu, juu ya moyo kutanuka, au juu ya vifo vya ghafla kama vya 2019. Yeye hakuuliza hayo. Aliweka wiki 4 kwa sababu makala aliyoifuata iliweka wiki 4. Tena nguruwe wa kawaida wa kufugwa, akiwa mchanga, huongezeka uzito upesi sana katika wiki 4, na moyo wake unakua naye. Bila nguruwe wa jamii ndogo kama wale wa Göttingen, ambao hapa hatuna, utapima ukuaji na kuudhani ni uponyaji.

Hesabu nayo ilichechemea. Kati ya nguruwe 6 na 6, wakifa kadhaa kwa mpapatiko, wanaobaki kwa kawaida ni wale wenye majeraha madogo. Dawa isiyofanya lolote inaweza kuonekana nzuri kwa kuwa imebakisha wenye bahati. Ombi halikusema nani atapanga wanyama kwa kura, wala kama atakayepima vipande atajua nani alikunywa nini. Huko Marekani maabara kadhaa ziliungana chini ya jina CAESAR, zikapima kinga za moyo kwa panya, sungura na nguruwe kwa utaratibu mmoja, wapimaji wakiwa hawajui kundi. Kuziba na kuachia kwa Murry kulipita, nitriti ya sodiamu, iliyosifiwa sana kabla yake, haikupita.

Mambo mawili ya hapa kwetu hayakuwa kwenye makala yoyote aliyosoma. Nguruwe wa mji na viunga vyake wengi hutembea wakijitafutia, na hubeba mabuu ya tegu, vifuko vyeupe ambavyo hupenda kukaa kwenye msuli wa moyo. Kipande cha moyo chenye vifuko kumi, ukikipaka tetrazolio, utapima jeraha la nani? Na homa ya nguruwe ya Afrika: ukikusanya wanyama 12 kutoka nyumba 12 ukawaweka pamoja wiki 6, mmoja akiwa nayo, unaweza kumaliza utafiti kwa shimo la kuzikia. Walipaswa kutoka kwenye zizi moja, jinsia moja, na kukaa karantini.

Mama aliuliza pia juu ya nyama. Swali lilichekesha wengine, mimi halikunichekesha. Nguruwe aliyejaa dawa za usingizi haliwi, na mzoga wa kilo 60 ulioachwa nyuma ya jengo katika mji huu hauwezi kukaa hadi asubuhi. Nani anauchoma, nani anasimama pale mpaka uishe?

Daktari wa moyo hakukubali

Alikuwa pekee kati yetu aliyetaka ombi lipite, kwa masharti. Hoja yake nailinda hapa kwa sababu ilikuwa na nguvu. Tukidai kila kitu ambacho maabara tajiri zinacho, alisema, hakuna kitakachofanyika hapa. Wengine watayachukua majani yetu, watayapima kwa nguruwe wao, kisha watatuuzia vidonge. Mji una kitivo cha tiba ya mifugo, una wapasuaji wa wanyama wanaojua kumlaza ng'ombe porini kwa mwanga wa tochi. Mikono ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuanza.

Nilikubaliana naye juu ya mikono. Sikukubaliana kwamba kuanza lazima kuwe na nguruwe 12 wanaoamka. Na kulikuwa na jambo alilolisema mwenyewe bila kuona kwamba linaligeukia ombi: wagonjwa anaowaona zaidi, alisema, mioyo yao imeumizwa na presha iliyoachwa miaka, na vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, na akina mama ambao moyo ulichoka baada ya kujifungua. Mshipa uliozibwa ghafla unaongezeka, lakini haujawa wa kwanza kwenye wodi yake. Kama tunatafuta mnyama mkubwa kwa moyo wa watu wa hapa, pengine jeraha la kuanza nalo ni la presha, ambalo kwa nguruwe au kondoo hufanywa kwa kuibana aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, taratibu. Hilo nalo ni ombi jingine, la mtu mwingine.

Tulichorudisha

Tulilirudisha likiwa na hatua tatu badala ya moja. Kwanza panya, mshipa ukifungwa kwa uzi, dawa ikitolewa wakati wa kufungua na si wiki 2 kabla. Makundi yatapangwa kwa kura na mpimaji hatajua nani yuko wapi. Hapo majani yakishindwa, nguruwe hawaguswi. Yakishinda, nguruwe wachache sana kutoka zizi moja, wanaolala na kuuawa siku hiyohiyo, wakitumika kwanza kutafuta muda wa kuziba. Sharti moja lililobishaniwa sana: mwenye kusema "tunasimama hapa" awe mlazaji wa mnyama, asiye na jina kwenye teze. Mwalimu wa mwanafunzi hakulipenda. Lilibaki.

Hatua ya katikati ndiyo niliyoipigania, na haihitaji mnyama hata mmoja afe kwa ajili yetu: mioyo ya machinjioni. Nguruwe wanachinjwa kila siku. Huko Uholanzi wamefika mbali hadi kuihuisha mioyo ya aina hiyo nje ya mwili na kuifanyisha kazi. Sisi hatuhitaji kufika huko. Anachohitaji mwanafunzi ni kuingiza rangi kwenye mdomo wa kila ateri ya korona (mshipa unaolisha moyo), kuona kila mshipa unalisha gramu ngapi za ukuta, uzi ufungwe wapi ili eneo liwe lilelile kwa kila mnyama, na kuhesabu mioyo mingapi ina vifuko vya tegu. Rangi kwenye moyo uliokufa haisemi damu ingepita kwa kasi gani, lakini ramani ya mishipa ya nguruwe wetu, hawa waliochanganyika damu vizazi kwa vizazi, sijaiona popote.

Ameanza. Kikwazo kilichojitokeza hakikuwa kwenye mawazo ya mtu yeyote mezani: mkaguzi wa nyama hukata moyo wa kila nguruwe akitafuta vifuko vilevile vya tegu, na kisu chake hupita palepale ateri inapopita. Hawezi kupitisha mzoga ambao moyo wake hajaukata, na ni sawa asiweze. Mwanafunzi alipoomba angoje gelatini ya rangi igande, wenye nyama walikataa, wateja wako mlangoni. Sasa wamekubaliana hivi: anainunua mioyo yenyewe ili isiuzwe, anatumia wino wa maji usiohitaji kugandishwa, anapiga picha kwa simu pande mbili akiweka rula pembeni, kisha mkaguzi anakata na kuhesabu vifuko, na hesabu hiyo inaingia daftari la wote wawili.